Legasov: Mkemia aliyesema nusu ya ukweli wa Chernobyl

Wengi wetu tuliiona ile tamthilia ya mwaka 2019, ambamo mwanasayansi mwenye miwani anasimama mahakamani kueleza jinsi kinu cha nyuklia cha Chernobyl, huko Ukraine, kilivyolipuka. Ndugu msomaji, filamu ni filamu. Valery Legasov hakusimama katika kesi ile ya Julai 1987. Alizungumza Vienna, Austria, mwaka mmoja kabla yake, na huko hakusema yote.

Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1936 katika mji wa Tula, kusini mwa Moscow. Alisomea kemia na kupanda vyeo upesi, hadi akawa naibu mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Kurchatov ya Nguvu za Atomiki. Taaluma yake ilikuwa kemia, si ujenzi wa vinu, na baadaye wenzake hawakuacha kumkumbusha hilo.

Kinu namba 4 kililipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23. Siku hiyo hiyo Legasov aliitwa kutoka mkutanoni, akatiwa katika tume ya serikali iliyoongozwa na Boris Shcherbina, na jioni akawa amefika Pripyat, mji wa wafanyakazi wa mtambo huo. Aliruka kwa helikopta juu ya kinu kilichokuwa wazi kikiwaka, na alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba watu waondolewe.

Kesho yake mchana wakazi wapatao 49,000 walipandishwa mabasi zaidi ya 1,000. Walibeba vitambulisho na vitu vichache, wengi wakiamini wanaondoka kwa siku tatu tu. Mimi niliyesomea ukimbizini Tanzania sihitaji kuelezwa siku tatu za namna hiyo. Wazazi wetu waliotoka Burundi mwaka 1972 nao walifunga milango wakidhani watarudi baada ya wiki chache. Sisi angalau tulirudi. Pripyat haijakaliwa tena.

Ili kuuzima moto, helikopta zilimwaga karibu tani 5,000 za mchanga, udongo wa mfinyanzi, boroni na madini ya risasi. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya shehena hiyo haikuangukia mahali ilipolengwa. Legasov alikaa pale, akaondoka, akarudi tena, na mionzi ikamwingia mwilini.

Agosti mwaka huo alipelekwa Vienna kulieleza Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Alizungumza kwa takriban saa tano. Wageni waliotarajia kudanganywa walishangazwa na uwazi wake. Hata hivyo, lawama karibu yote ilibebeshwa wafanyakazi wa zamu. Ni kweli walivunja kanuni na kuzima baadhi ya vifaa vya usalama wakati wa jaribio lao. Kilichofichwa ni kasoro ya kinu chenyewe.

Vijiti vya kuzuia nguvu za kinu vilikuwa na ncha za grafiti. Kitufe cha dharura kilipobonyezwa, ncha zile zilitangulia kuingia na kuongeza nguvu kabla ya kuipunguza. Dereva wa lori kwenye mteremko wa Bugarama atanielewa: unakanyaga breki, gari linaongeza mwendo kwanza. Dalili za tatizo zilionekana katika kinu cha Leningrad mwaka 1975, na majaribio ya Ignalina, Lithuania, mwaka 1983 yalilidhihirisha. Waliokuwa zamu Chernobyl hawakuambiwa. Kwangu mimi kosa kubwa liko hapo, kuliko kwa wale waliofungwa.

Nyumbani Legasov hakupokewa kama shujaa. Tuzo aliyotarajiwa kupewa hakuipata, na mwaka 1987 wenzake wengi wa taasisi walimkataa kwa kura katika uchaguzi wa baraza la kisayansi. Afya ilidhoofika, mapendekezo yake ya usalama yakapuuzwa. Tarehe 27 Aprili 1988, siku moja baada ya ajali kutimiza miaka miwili, alikutwa amejiua nyumbani kwake Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 51.

Aliacha kanda alizorekodi sauti yake. Mle alilaumu uzembe uliozoeleka na vinu vilivyojengwa bila ganda imara la kuzuia mionzi isitoke. Mwezi Mei gazeti la Pravda lilichapisha sehemu ya maneno yake. Mwaka 1992 wataalamu wa shirika lile lile la Vienna waliandika ripoti upya na kuipa kasoro ya kinu uzito wake. Mwaka 1996 Rais Boris Yeltsin alimpa Legasov, akiwa kaburini, nishani ya Shujaa wa Urusi.

Kinu cha mwisho cha Chernobyl kilizimwa Desemba 2000, lakini fueli iliyotumika haizimwi kwa kitufe. Mafungu zaidi ya 21,000 yalibaki kwenye bwawa la maji, na kuhamishiwa ghala kavu kulianza mwaka 2020. Machi 2022, askari wa Urusi wakiwa wameuteka mtambo, umeme ulikatika na dunia ikahofia bwawa hilo. Fueli ilikuwa imepoa vya kutosha. Ile ya kinu namba 4 sehemu kubwa bado imo ndani, chini ya tao la chuma ambalo Februari 2025 lilitobolewa na ndege isiyo na rubani.