Bwana Dunlop na Gurudumu la Upepo

Tarehe 5 Februari mwaka wa 1840, mtoto mwanamume alizaliwa katika kijiji cha Dreghorn, upande wa magharibi wa nchi ya Uskoti. Jina lake aliitwa John Boyd Dunlop. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mtoto huyo alikua akidhani kwamba alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na ya kuwa mwili wake ni dhaifu. Kwa sababu hiyo alijitunza sana siku zote, wala hakupatwa na ugonjwa mkubwa katika maisha yake marefu.

Alipopata umri alikwenda mji wa Edinburgh kujifunza uganga wa wanyama, akafaulu akiwa kijana wa miaka 19. Akafanya kazi katika nchi yake karibu miaka kumi, kisha mwaka wa 1867 akavuka bahari kwenda Ayalandi. Alikaa kwanza Downpatrick, na baadaye akahamia mji mkubwa wa Belfast. Mwaka wa 1871 alimwoa Margaret Stevenson, wakapata watoto wawili, wa kiume na wa kike. Siku zile kazi nyingi za kuchukua watu na mizigo mijini zilifanywa na farasi, basi mganga wa farasi hakukosa kazi. Bwana Dunlop akapata sifa kwa bidii yake, akawa na waganga wengine na watumishi chini yake. Tena katika kazi hiyo alizoea kukata mpira na kuugandisha, hata mikono yake ikaujua mpira vizuri.

Wakati ule magurudumu ya magari ya farasi yalivikwa pete ya chuma, na ya baiskeli yalivikwa ukanda wa mpira mgumu usio na upepo ndani. Njia za Belfast zilitandikwa mawe. Gurudumu gumu lilipopiga jiwe lilirushwa juu, likaanguka, likarushwa tena, na aliyepanda alitikiswa mpaka mifupa ikauma. Mwana wa Bwana Dunlop, jina lake Johnnie, alikuwa mtoto wa kama miaka kumi, naye alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Alitamani kwenda mbio kama wenzake, lakini mtikisiko ulimsumbua. Baba yake akaanza kulifikiri jambo hilo.

Mwaka wa 1887 Bwana Dunlop alikata ubao wa mviringo, akatengeneza mrija wa mpira mwembamba, akauzungusha ukingoni mwa ubao, akaufunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia misumari. Kisha akaujaza mrija upepo kwa pampu. Akatwaa gurudumu hilo pamoja na gurudumu moja la baiskeli ya mtoto, akayasukuma yote mawili katika ua wa nyumba yake. Gurudumu gumu lilikwenda kidogo, likayumba, likaanguka. Lile la upepo likapita ua wote, likagonga nguzo ya lango, likarudi nyuma. Mkono uliosukuma ulikuwa mmoja na ua ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa ule upepo tu.

Ndipo akayavika magurudumu ya nyuma ya baiskeli ya Johnnie mipira ya namna ile, na mtoto akaenda upesi kwa raha. Baadaye akaitengeneza mipira mikubwa zaidi kwa baiskeli ya mtu mzima. Akaomba serikali impe hati ya kuulinda uvumbuzi wake, naye akapewa tarehe 7 Desemba mwaka wa 1888.

Watu wengi waliicheka mipira ile minene. Lakini tarehe 18 Mei mwaka wa 1889 palikuwa na mashindano ya baiskeli katika chuo cha Queen's mjini Belfast, na kijana mmoja, William Hume, alipanda baiskeli yenye magurudumu ya upepo. Akashinda mashindano yote manne. Halafu akaenda Liverpool katika nchi ya Uingereza, na huko akashinda yote isipokuwa moja. Kicheko kikakoma. Miongoni mwa walioshindwa Belfast walikuwa wana wa Bwana Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin. Baba yao hakukasirika. Aliona kwamba jambo kubwa limezaliwa, akaungana na Bwana Dunlop na wengine kuanzisha kampuni ya kutengeneza mipira ya upepo.

Lakini furaha hiyo ilichanganyika na huzuni. Miaka miwili baada ya kupewa hati, Bwana Dunlop aliarifiwa kwamba hati yake haina nguvu. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuvumbua gurudumu la upepo mwaka wa 1845, akiwa kijana wa miaka 23. Magurudumu yake yalifungwa katika magari ya farasi, yakaonyeshwa London, na watu wakayasifu. Ila siku zile baiskeli za mbio hazikuwapo bado wala motokaa hazikuwapo, na mpira wenyewe ulikuwa ghali. Basi kazi yake ikasahauliwa, naye akafa mwaka wa 1873. Bwana Dunlop hakuiba shauri la mtu, maana hakupata kusikia habari za Thomson. Hata hivyo sheria ni sheria, na aliyetangulia ndiye aliyetangulia. Kampuni ikaendelea kwa kununua haki za mafundi wengine waliogundua, mwaka wa 1890, njia za kuufunga mpira gurudumuni uweze kuvuliwa na kurudishwa kwa urahisi. Mwaka wa 1895 Bwana Dunlop alijitenga na kampuni. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa pauni milioni tatu, na utajiri mkubwa ukaenda kwa wengine.

Mwaka huohuo wa 1895 wandugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya motokaa kutoka Paris hata Bordeaux na kurudi, safari ya kilometa karibu 1,200. Motokaa yao ilikuwa na magurudumu ya upepo. Mipira ilipasuka mara nyingi njiani, wakashuka na kuiziba, wakaendelea. Hawakupata zawadi, lakini walifika, na watu wakaona kwamba upepo unaweza kuchukua hata motokaa. Miaka haikuwa mingi kabla ya magurudumu magumu kuachwa katika motokaa ndogo.

Sasa, kwa nini upepo uliozaliwa kwa raha ya mtoto umekuwa lazima kwa motokaa iendayo mbio? Sababu ni hii: gurudumu lililorushwa juu haliongozi wala halizuii. Dereva aweza kuzungusha usukani na kukanyaga breki, lakini ikiwa gurudumu haligusi njia, kazi yake ni bure. Gurudumu gumu huruka juu ya jiwe. Gurudumu la upepo hulimeza jiwe, likabonyea kidogo, likaendelea kushika njia.

Lakini upepo lazima uwe kwa kipimo chake. Wengi hufikiri kwamba mpira ndio uchukuao motokaa. Sivyo, upepo ulioshindiliwa ndani ndio uchukuao sehemu kubwa ya uzito. Tufanye motokaa ina uzito wa ratili 2,400. Kila gurudumu moja katika manne litachukua kama ratili 600. Ikiwa upepo ndani yake unasukuma kwa nguvu ya ratili 30 katika kila inchi ya mraba, basi tairi litajilaza chini mpaka inchi za mraba karibu 20 ziguse njia, maana 20 mara 30 ni 600. Mahali hapo hapazidi sana ukubwa wa mkono wa mtu mzima. Basi watu wote waliomo motokaani wanashikwa na njia kwa nyayo nne ndogo kama hizo.

Upepo ukipungua, tairi hulala zaidi. Mtu asiyejua atasema ni vema, kwa kuwa mahali pa kugusa njia pameongezeka. Lakini uzito sasa hukaa kingoni, na katikati ya tairi hulegea. Mbavu za tairi hupindana. Dereva akizungusha usukani kwa ghafula, chuma cha gurudumu hugeuka kwanza, na mpira hufuata kwa kuchelewa, nayo motokaa huyumba kama mlevi. Matairi ya mbele yakilegea, usukani huwa mzito, na motokaa hukataa kukata kona ikaelekea nje ya njia. Matairi ya nyuma yakilegea, mkia wa motokaa huteleza kando, na hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa madereva wachache waweza kuirudisha. Upande mmoja ukilegea na wa pili usilegee, motokaa huvutwa kuelekea upande uliolegea. Tena mvua ikinyesha, tairi lililolegea halikamui maji vizuri. Maji huingia chini yake, na motokaa iendayo mbio huelea juu ya maji kama ngalawa isiyo na usukani.

Tena kuna adui mwingine asiyeonekana, ndiye joto. Motokaa iendapo mbio ya kilometa 100 kwa saa, kila sehemu ya tairi hubonyea na kunyoka zaidi ya mara kumi katika nukta moja. Atakaye kujua habari hii na aukunje waya mara nyingi upesi upesi, kisha aguse mahali alipoukunja. Ataona una moto. Vivyo hivyo tairi lililopungukiwa upepo hupata joto jingi, mpaka mpira hubanduka katika nyuzi zake, likapasuka ghafula katikati ya safari. Mwendo ukizidi, joto nalo huzidi.

Lakini kuzidisha upepo nako si dawa. Tairi lililojaa kupita kiasi hugusa njia kwa katikati tu, na unyayo wake huwa mdogo. Breki hushika kwa shida, na juu ya njia mbovu gurudumu huanza kurukaruka kama lile gurudumu gumu la zamani. Mwenye kufanya hivyo ameirudia taabu ile ile ambayo Bwana Dunlop alijitahidi kuiondoa.

Basi dereva mwenye hekima hupima upepo wa magurudumu yote kwa kipimo, wala hautegemei mguu wake wa kupiga teke wala macho yake, maana tairi laweza kupungukiwa sana na bado likaonekana jema. Hupima asubuhi, kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Kwa sababu safari hulitia tairi moto, na upepo wenye moto hutanuka na kudanganya kipimo. Mtu akiupunguza upepo wakati huo, matairi yakipoa yataonekana yamelegea. Naye hufuata hesabu iliyowekwa na watengenezaji wa motokaa hiyo, si kukisia.

Bwana Dunlop aliishi Dublin miaka yake ya mwisho, akaziona motokaa zikiongezeka mwaka kwa mwaka, akafa huko tarehe 23 Oktoba mwaka wa 1921, mzee wa miaka 81. Hakuwa tajiri kama wale walioiuza kazi yake, na sifa ya kuwa wa kwanza ilikuwa ya Thomson. Lakini Thomson alivumbua kabla watu hawajauhitaji uvumbuzi wake, na Bwana Dunlop alitengeneza kwa sababu mtoto mmoja nyumbani mwake alikuwa na haja. Kutoka katika haja hiyo ndogo wamepata faida watu wasiohesabika.

Kitu kilichowachukua watu hao ni upepo, usioonekana wala kununuliwa kwa bei kubwa. Ukiwa kwa kipimo, huchukua mzigo mzito kwa upole. Ukipungua au ukizidi, hulipa deni lake siku ya mwendo wa mbio, na mara nyingi wanaolipa ni abiria ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo yule anayetumia dakika tano asubuhi kuinama na kupima magurudumu yake, hata kama hakuna amwonaye, ameyalinda maisha ya wenzake.