Gary Kildall: Alipunguza gharama za programu, soko likamponyoka

Katikati ya miaka ya 1970, kompyuta ndogo zilipoanza kuuzwa Marekani, kila kiwanda kilitengeneza mashine kwa namna yake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta moja haikufanya kazi kwenye nyingine. Aliyetaka kupata wateja wengi alilazimika kuiandika upya kwa kila aina ya mashine, na gharama hiyo iliwashinda wengi. Mtu aliyeipunguza ni Gary Kildall.

Kildall alizaliwa Mei 19, 1942, mjini Seattle, katika familia iliyokuwa ikiendesha shule ya ubaharia. Alikusudia kuwa mwalimu wa hisabati, lakini alipofika Chuo Kikuu cha Washington alivutiwa na kompyuta. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamivu. Alifundisha pia katika chuo cha jeshi la wanamaji huko Monterey, California.

Kampuni ya Intel ilipoanza kuuza chipu zake ndogo, Kildall aliona mapema kwamba zingeweza kuendesha kompyuta kamili. Akiwa mshauri wa Intel, alibuni PL/M, lugha iliyowawezesha mafundi kuandika programu kwa maneno yanayosomeka. Mwaka 1974 akatengeneza CP/M, mfumo endeshi unaotunza na kusoma mafaili kwenye flopi. Intel walioneshwa mfumo huo, lakini hawakuutilia maanani. Ndipo Kildall na mkewe, Dorothy McEwen, wakaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Digital Research, katika mji wa Pacific Grove.

Hatua iliyofungua soko ilikuwa kuugawa mfumo huo. Sehemu kubwa ilibaki ileile kwa mashine zote. Sehemu ndogo, iliyoitwa BIOS, ndiyo iliyowasiliana na kibodi, skrini na flopi za mashine husika. Kompyuta mpya ilipotoka, fundi aliandika upya BIOS tu. Ni sawa na jembe na mpini: mkulima akibadilisha mpini, jembe ni lilelile.

Matokeo yake kiuchumi yalikuwa makubwa. Kufikia mwaka 1981, CP/M ilikuwa ikitumika kwenye aina zipatazo 3,000 za kompyuta, na mapato ya Digital Research yalifika dola milioni 5.4 kwa mwaka. Waandishi wa programu za biashara, kama WordStar na dBase II, walipata soko moja pana badala ya vijisoko vingi.

Wasio na mtaji nao walinufaika. Kuanzia mwaka 1977, chama cha watumiaji wa CP/M kilisambaza programu za bure kwa flopi. Mwaka 1980, jarida la Dr. Dobb's Journal lilichapisha Small-C, zana ya kutafsiri programu za lugha ya C, ikiwa na maandishi yake yote. Zana hiyo ilianzia kwenye mfumo wa Unix, kisha ikahamishiwa CP/M. Zana ya bure inayofanya kazi kwenye mashine moja tu huwafaa wachache. CP/M iliwezesha zana kama hiyo kuwafikia maelfu.

Hata hivyo, mwaka 1980 kampuni ya IBM ilipotafuta mfumo wa kompyuta yake mpya, mazungumzo na Digital Research yalikwama. Siku wajumbe walipofika, Kildall alikuwa amesafiri kwa ndege yake kwenda kwa mteja, na kampuni ikasita kutia saini mkataba wa usiri ulioletwa. IBM ikageukia Microsoft, ambayo ilinunua kutoka kampuni nyingine mfumo uliofuata mtindo wa CP/M. Kildall alipolalamika, IBM ilikubali kuuza mifumo yote miwili. Lakini ule wa Microsoft uliuzwa kwa dola 40 hivi, na CP/M-86 kwa dola 240. Wanunuzi wengi walichagua wa bei nafuu.

Zaidi ya hapo, Microsoft ilibaki na haki ya kuuza mfumo wake kwa viwanda vingine. Viwanda hivyo vilipoiga mashine ya IBM, soko kubwa likawa la Microsoft.

Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell. Kildall alifariki dunia Julai 11, 1994, akiwa na umri wa miaka 52, siku chache baada ya kuumia kichwani mjini Monterey. Mwaka 2001, wenye haki za CP/M waliruhusu isambazwe bure. Herufi C inayotaja diski kuu kwenye kompyuta za Windows ni urithi wa mfumo huo.

Mjasiriamali ana la kujifunza hapa. Ubunifu unaopunguza gharama hunufaisha soko zima, lakini mgawanyo wa faida huamuliwa na bei na masharti ya mkataba. Mambo hayo mawili yanahitaji kufikiriwa mapema kama bidhaa yenyewe.