Grace Hopper, mama aliyeifundisha kompyuta kujipangia kazi

Karibu kila programu iliyo kwenye simu yako ilipita kwanza kwa mtafsiri. Huyo si mtu, bali ni programu nyingine iitwayo kompaila. Inachukua maagizo yaliyoandikwa na binadamu na kuyageuza kuwa tarakimu ambazo mashine inazielewa.

Leo tunamkumbuka mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, Grace Hopper, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1906. Alisomea hisabati hadi shahada ya udaktari, akafundisha chuoni, kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili akajiunga na jeshi la majini, ingawa uzito wake haukufikia kiwango.

Mwaka 1949 aliingia kwenye kampuni iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Mashine ilijaza chumba, lakini kumbukumbu yake ilibeba herufi 12,000 tu. Kurasa chache za daftari, basi! Waandishi wa programu walinakili kwa mkono vipande vya kazi za zamani, na wakikosea tarakimu moja kazi nzima inaharibika.

Hopper akaona kunakili ni kazi ya mashine yenyewe. Alihifadhi vipande hivyo kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na alama yake, na mwaka 1952 kompaila yake, A-0, ikawa inaviokota na kuviunganisha.

Kikwazo kilikuwa hiki: programu ikitaka kuruka mbele, kwenye sehemu ambayo bado haijapangwa, kompaila itajuaje iko wapi? Alikumbuka mpira wa kikapu aliocheza chuoni: unampa mwenzako mpira, unakimbia mbele, naye anakurudishia. Basi akatenga pembe mwishoni mwa kumbukumbu, maagizo ya kuruka yakawa yanasubiri hapo mpaka sehemu yao ipatikane. Sisi hapa tunaona huo ndio ufundi wake mkubwa kuliko vyeo vyote.

Wengi hawakumwamini, wakishikilia kwamba kompyuta inajua hesabu tu. Hata hivyo, kazi zake zilizofuata zilichangia lugha ya COBOL, ambayo benki nyingi duniani zimeitegemea kwa miongo mingi.

Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992. Katika mihadhara yake alikuwa akionyesha waya uliokunjwa, wenye urefu wa karibu mita 300, umbali ambao umeme unaweza kusafiri katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, ili waandishi wa programu waone wanachokitupa wanapoipotezea mashine muda.