Isaac Newton na Mwendo wa Vitu

Kila aliyewahi kusimama ndani ya basi lililojaa analijua jambo hili: dereva akikanyaga breki ghafula, miguu husimama pamoja na basi, lakini kiwiliwili chaendelea mbele, na mara twajikuta tumemwangukia jirani. Hapo twamlaumu dereva. Mtu aliyetueleza sababu yake hakupata kuona basi, maana alifariki mwaka 1727. Ndiye Isaac Newton, na mara hii twapenda kuwasimulia maisha yake.

Alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, Uingereza, siku ya Krismasi ya mwaka 1642, kwa kalenda iliyotumika huko wakati ule. Baba yake, mkulima, alikuwa amekwisha kufariki miezi mitatu kabla. Isaac alipokuwa na miaka mitatu, mama yake, Hannah, aliolewa na kasisi wa mtaa wa jirani, akahamia kwake, na mtoto akaachwa kwa bibi yake. Uchungu huo haukumtoka upesi. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo aliandika orodha ya dhambi zake, na mojawapo ilikuwa kwamba aliwahi kutishia kumchoma moto mama yake na baba wa kambo, pamoja na nyumba yao.

Baba wa kambo alipofariki, mama alirudi, na baadaye akamtoa Isaac shuleni ili awe mkulima. Kazi hiyo ilimshinda kabisa. Kondoo wake waliingia mashamba ya watu, naye akatozwa faini. Mjomba wake, aliyekuwa kasisi, alisihi arudishwe shuleni, na mwaka 1661 akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge.

Mwaka 1665 tauni ilifunga chuo, akarudi kijijini. Ndipo, kama alivyosimulia uzeeni, alipoona tofaa likianguka akaanza kufikiri. (Kwamba lilimpiga kichwani ni nyongeza ya watu.) Je, nguvu inayoliangusha tofaa yafika hata mwezini? Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko sisi, na huko nguvu hiyo ni hafifu mara 3,600. Jiwe tukiliachia huanguka karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza. Mwezi huvutwa kuelekea kwetu milimita 1 na kidogo tu, na kwa kuwa unakwenda kando kwa kasi, haufiki chini kamwe.

Mwaka 1679 mama yake aliugua homa. Newton aliacha kazi zake akaenda kumwuguza, akikesha usiku kucha na kumfunga vidonda kwa mikono yake mwenyewe, mpaka alipofariki.

Kitabu chake kikubwa, Principia, kilitoka mwaka 1687, baada ya rafiki yake Edmond Halley kumhimiza sana. Mna kanuni tatu za mwendo. Ya kwanza ndiyo ya basi: kitu kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile na njia iliyonyoka, mpaka nguvu nyingine ikibadilishe. Ya pili twaiona tukisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi: kwa nguvu zilezile hushika kasi polepole kuliko baiskeli tupu, na kuisimamisha nako ni kazi. Ya tatu wavuvi wanaijua: ukiruka kutoka mtumbwini, mtumbwi nao hurudi nyuma, kwa maana kila kinachosukuma husukumwa.

Sheria ya chuo ilimtaka apokee daraja la ukasisi. Hakuwa tayari, kwa kuwa katika kusoma Maandiko peke yake alikuwa ameiacha imani ya Utatu, naye yumo katika chuo chenye jina hilohilo. Kusema wazi kungalimwondoa kazini. Mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili alimwondolea sharti hilo, naye akanyamaza. Sisi tunaokiri Imani ya Nikea hatuwezi kumfuata huko, wala hatuoni haki kulificha.

Alizikwa kwa heshima kubwa katika Westminster Abbey. Maandishi yake juu ya Utatu yalibaki masandukuni, na mengi hayakusomwa na watu mpaka karne ya 20.