Giauque, msaka baridi kwa sumaku

Majina ya waliovumbua mabomu na dawa yanajulikana hata na watoto wa shule za msingi. Jina la William Francis Giauque, aliyetunukiwa Nobel ya kemia mwaka wa 1949, huenda halijawahi kusikika hata na baadhi ya walimu wa somo hilo. Naona hiyo ni dhuluma.

Giauque alizaliwa mwaka wa 1895 mjini Niagara Falls, Kanada, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Baba, mfanyakazi wa reli, alifariki mwaka wa 1908, mwana akiwa angali shuleni. Kijana huyo alitamani kuwa mhandisi wa umeme. Alibisha hodi katika vituo vya kuzalisha umeme asipate kazi, ndipo akaambulia nafasi katika maabara ya kiwanda cha kemikali. Miaka miwili humo ilitosha kumgeuza nia. Mwaka wa 1916 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka wa 1922 akahitimu shahada ya uzamifu, na papo hapo akasalia kufundisha na kutafiti maisha yake yote.

Swali lililomkera lilikuwa la nadharia tupu. Kanuni ya tatu ya themodinamiki yasema kwamba kadiri kitu kinavyokaribia sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, ndivyo vurugu iliyomo ndani yake inavyotoweka. Je, ni kweli? Ili kujua, ilibidi kuifikia baridi hiyo. Huko Leiden, Uholanzi, Kamerlingh Onnes alikuwa ameigeuza heliamu kuwa kioevu mwaka wa 1908, lakini hata kwa kuufyonza mvuke wake kwa pampu, watafiti walikwama karibu na nyuzi 0.7 za Kelvini. Chini ya hapo mvuke ulikuwa haba mno kufyonzwa.

Mwaka wa 1924 Giauque aliwaza njia nyingine kabisa. Atomu ya gadolini ina elektroni saba zisizo na wenzi, hivyo kila atomu ni kama sumaku ndogo. Katika chumvi ya salfeti ya gadolini, molekuli za maji huzitenga sumaku hizo zisisukumane. Mwalimu mkuu anapotokea uwanjani, wanafunzi hujipanga mistari, akiondoka, hutawanyika. Chumvi ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku, atomu hujipanga na kutoa joto, nalo huchukuliwa na heliamu ya majimaji. Kisha chumvi hutengwa katika utupu na uga kuondolewa. Atomu hutawanyika tena, lakini kutawanyika kwahitaji joto, na joto hilo halina pa kutoka ila ndani ya chumvi yenyewe. Basi chumvi inapoa.

Peter Debye wa Uholanzi alifikia wazo hilo hilo peke yake wakati ule ule. Kuwaza kulikuwa rahisi. Kutenda kulichukua miaka tisa. Ilibidi Berkeley ipate mitambo ya heliamu na ya sumaku, na hata vipimajoto havikufaa kwa baridi ya namna hiyo, ikabidi chumvi yenyewe ijipime kwa usumaku wake. Tarehe 19 Machi 1933, Giauque na mwanafunzi wake D. P. MacDougall walianzia nyuzi 3.4 za Kelvini wakashuka hadi 0.53. Majuma matatu baadaye walifika 0.25. Mwaka huo huo Leiden nao walifaulu, wakitumia chumvi ya seriamu. Wangalichelewa kidogo tu hao wa Berkeley, heshima ingalikwenda ng'ambo.

Giauque hakuwa mtu wa jambo moja. Mwaka wa 1929, pamoja na Herrick Johnston, alionyesha kwamba oksijeni ina isotopu nzito za 17 na 18, jambo lililowavurugia wanakemia na wanafizikia vipimo vyao vya uzito wa atomu hadi walipopatana mwaka wa 1961.

Alifariki Machi 1982. Watafiti wengi wa baridi walikuwa wamekwisha kuhamia mitambo itumiayo heliamu-3. Gesi hiyo ni adimu na ghali, hivyo sumaku imerudi kutazamwa upya. Setilaiti ya XRISM, iliyorushwa kutoka Japani Septemba 2023, hupoza kihisi chake cha eksirei hadi nyuzi 0.05 za Kelvini kwa njia hiyo ya kuondoa uga, na miongoni mwa fuwele zinazofanya kazi hiyo zimo zenye gadolini.