Shaaban Robert: karani aliyejifunza neno moja moja

Huu ni ukurasa wetu wa maelezo ya ziada, tunapoandika yale ambayo muda wa hewani hautoshi kuyasema yote. Tunajua wengi wenu mnasoma kwenye simu, wengine mkiwa shambani au mkisubiri gari, kwa hiyo tutakwenda taratibu, na kila neno gumu tutalieleza hapo hapo.

Msimu uliopita wa kilimo alifika kituoni kwetu hapa Ifakara mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka ng'ambo ya mto Kilombero. Mkononi alikuwa na karatasi mbili ndani ya mfuko wa nailoni. Ya kwanza ilikuwa hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake. Ya pili ilikuwa karatasi ya mkopo aliyotakiwa kutia sahihi, apate fedha za mbegu na za kukodi trekta. Kwenye karatasi hiyo ya pili kulikuwa na neno rehani. Mama yetu alidhani rehani ni jina la aina ya mkopo. Tukamweleza kwamba rehani ni mali unayomwekea anayekukopesha, na ukishindwa kulipa, mali hiyo inaweza kuuzwa ili deni lake lilipwe. Alinyamaza kidogo, akazikunja karatasi zake, akaaga. Alitaka kwanza akazungumze na wanawe.

Kama asingeuliza, neno moja tu lingeweza kumpotezea shamba. Na mama yule si mjinga. Anajua kusoma, na mpunga anaujua kuliko sisi watangazaji wote tukijumlishwa. Alichokosa ni maana ya neno moja.

Ndiyo maana leo tunasimulia maisha ya Shaaban Robert. Jina lake tunalijua tangu shuleni, kwenye masomo ya fasihi, na huko Dar es Salaam kuna barabara na shule ya sekondari zilizopewa jina hilo. Wengi tunamkumbuka kama mshairi. Sisi leo tunataka tumtazame kama mtu aliyesoma shule miaka michache, kisha akaendelea kujifunza maneno mpaka anaingia kaburini.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Ilikuwa miaka miwili tu tangu kumalizika kwa Vita vya Maji Maji, vita ambavyo wazee wetu wa Mahenge na Ifakara walivionja. Nchi ilikuwa bado chini ya Wajerumani.

Asili ya ukoo wake ilikuwa Wayao, lakini yeye alikulia pwani na kujihesabu Mswahili. Hili sisi wa bonde la Kilombero tunalielewa vizuri. Hapa wanaishi Wandamba, Wapogoro, Wabunga, Wahehe, Wasukuma na wengine wengi, na sokoni wote tunakutana kwenye Kiswahili.

Alipokuwa mtoto wa miaka saba, Waingereza waliuteka mji wa Tanga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakubwa wakabadilika na lugha ya ofisini nayo ikabadilika. Aliyekuwa amejifunza maneno ya Kijerumani ili apate kazi alilazimika kuanza upya na Kiingereza. Kwa mwananchi wa kawaida Kiswahili ndicho kilichobaki pale pale.

Mwaka 1922 Shaaban alikwenda kusoma Msimbazi, Dar es Salaam. Alimaliza mwaka 1926 akiwa na umri wa miaka kumi na saba, akapata cheti. Shule iliishia hapo. Tangu siku hiyo mpaka anakufa ilipita miaka 36, na karibu vitabu vyote tunavyovijua vilitoka katika miaka hiyo.

Ofisi zikawa shule yake

Kazi yake ya kwanza serikalini ilikuwa ukarani katika idara ya forodha, aliyoifanya kuanzia 1926 hadi 1944. Pangani ni mojawapo ya vituo alivyotumikia. Forodha ni idara inayotoza ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka nchini, na neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Karani wa forodha huandika siku nzima: jina la chombo, jina la bidhaa, uzito, thamani, inatoka wapi, inakwenda wapi. Kwa mtu mwenye hamu ya kujua, kila mzigo ni somo la jiografia na la lugha.

Kuanzia 1944 hadi 1946 alifanya kazi katika idara ya wanyamapori. Baada ya hapo alirudi Tanga na kufanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha ofisi ya upimaji wa ardhi hadi 1960.

Hebu tuzitazame ofisi hizo kwa macho ya mtu wa Kilombero. Wanyamapori na upimaji wa ardhi ndiyo mambo yanayozungumzwa kila siku katika mikutano yetu ya vijiji. Pori tengefu na pori la akiba ni maneno yanayofanana masikioni, lakini ulinzi wa pori la akiba kisheria ni mkali zaidi, na wapo kati yetu ambao mashamba na mifugo yao imeguswa na tofauti hiyo. Shaaban Robert aliishi ndani ya maneno kama hayo miaka mingi. Aliona jinsi mtu anayeyajua anavyosimama mbele ya meza ya ofisi, na jinsi asiyeyajua anavyosimama.

Alikuwa karani mdogo Mwafrika katika serikali ya kikoloni. Mshahara na heshima vilikwenda kwa rangi ya ngozi, na katika kitabu chake cha maisha ameandika juu ya ubaguzi alioupata. Hakuwa na maktaba kubwa wala muda mwingi. Alikuwa na jioni zake baada ya kazi.

Kutoka gazetini hadi kitabuni

Wakati huo lilikuwepo gazeti la serikali lililoitwa Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Lilifika mbali vijijini, na wasomaji walituma mashairi yao wakajibizana kwa beti. Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliotuma. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, na lahaja ya Unguja ikachukuliwa kuwa msingi. Kusanifisha ni kuchagua namna moja ya kuandika na kusema ili watu wa mahali tofauti waelewane. Miaka ya baadaye Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Tazama alivyokusanya maarifa kutoka kila upande. Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa, aliifuatilia na kuitungia Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000. Alichukua mashairi ya Omar Khayyam, mshairi na mwanahisabati wa Uajemi wa karne nyingi zilizopita, akayaleta katika Kiswahili kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza. Hadithi yake ya Adili na Nduguze, iliyotoka 1952, inatokana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela. Hakuona aibu kuazima. Alichoazima alikivika nguo za Kiswahili, nasi tukakisoma kama chetu.

Pia aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini huko Fumba na ambaye mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa kwenye sahani za santuri huko Bombay, India. Siti hakusoma shule. Karani wa serikali akakaa chini kuandika maisha ya mwanamke aliyewahi kuuza vyungu, kwa sababu aliona kuna elimu ndani yake.

Mawaidha kwa watoto

Mke wake Amina alifariki na kumwachia watoto. Msiba huo aliutungia shairi. Akatunga pia tenzi mbili za mawaidha, moja kwa binti yake na nyingine kwa mwanawe wa kiume, akaziweka ndani ya kitabu cha Maisha Yangu. Ule wa binti unaitwa Utenzi wa Hati. Hati ni maandishi ya kuaminika yanayohifadhiwa, na ni neno lile lile lililo juu ya karatasi ya shamba ya mama tuliyeanza naye.

Baba wa siku zile angeweza kumwachia mwanawe wa kiume mawaidha na kumsahau wa kike. Yeye aliandikia wote wawili.

Aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria

Kitabu chake kilichojulikana sana, Kusadikika, kilitoka mwaka 1951, mwaka ule ule redio ilipoanza kutangaza kutoka Dar es Salaam. Kusadiki ni kuamini, na Kusadikika ni nchi aliyoibuni, inayoelea angani. Katika nchi hiyo kijana aitwaye Karama anashtakiwa na waziri mwenye nguvu aitwaye Majivuno. Kosa lake ni kuwafundisha watu sheria. Kwa siku sita Karama anajitetea mbele ya mfalme, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta maarifa ya kuwafaa watu wao, na kila mmoja alipoleta maarifa hayo akatiwa gerezani.

Wachambuzi wengi wamekisoma kitabu hicho kama lawama kwa utawala wa kikoloni, iliyofichwa ndani ya hadithi. Sisi tunaona pia jambo jingine. Majivuno hakuogopa silaha, maana Karama hakuwa nayo. Aliogopa watu watakaoelewa maneno ya sheria inayowatawala. Mtu akielewa maana ya rehani, rufaa au fidia, si rahisi kumtisha kwa karatasi.

Shaaban Robert aliandika pia Utubora Mkulima, hadithi ya mtu aliyeacha kazi ya ofisi akaenda kijijini kulima. Jina Utubora limeunganishwa na maneno mawili, utu na bora. Wakulima wa Mang'ula, Mlimba na Malinyi, mkikipata kitabu hicho kisomeni. Ndani yake mkulima ndiye shujaa.

Alivyotuacha

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliuona, lakini hakuufaidi muda mrefu. Alifariki Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Machui. Wakati wa uhai wake alipewa tuzo ya Margaret Wrong kwa maandishi yake, pamoja na nishani ya MBE ya Uingereza. Lakini vitabu vyake kadhaa, vikiwemo Kufikirika, Utubora Mkulima na ule utenzi mrefu wa vita, vilitoka mwaka 1967 na 1968, yeye akiwa ameshafariki. Mwaka huo wa 1967 liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linalosimamia lugha yetu mpaka leo.

Sisi tunaoandika hapa tuna vyeti vya utangazaji, basi. Kila siku tunakutana na maneno tusiyoyajua, wakati mwingine dakika chache kabla ya kuyasoma hewani, na tunakimbilia kamusi. Tumejifunza kutoona haya. Tunawaomba nanyi mfanye hivyo. Neno jipya likikupita mkutanoni, zahanati au kwenye karatasi, liandike kwenye simu yako. Uliza. Ukipata maana yake, litumie siku hiyo hiyo, kisha mfundishe mtoto mmoja nyumbani. Na kabla ya kutia sahihi au dole gumba, kila neno kwenye karatasi hiyo liwe linaeleweka kwako.

Maneno ya wiki hii

Wasifu: habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine. Akiandika mwenyewe huitwa tawasifu.

Utenzi: shairi refu la kusimulia au kuonya, ambalo kwa kawaida kila ubeti wake una mistari minne mifupi.

Adili: mwenendo mwema, haki.

Rufaa: kuomba mahakama ya juu iangalie upya hukumu usiyoridhika nayo.

Fidia: malipo unayopewa badala ya kitu ulichopoteza au madhara uliyopata.

Hakimiliki: haki inayotambuliwa na sheria ya kumiliki kitu.

Ukiwa na neno linalokutatiza, tutumie kwa ujumbe wa simu wakati wa kipindi, tulitafute pamoja. Yule mama wa ng'ambo ya mto ametutumia matatu tayari.