Mwalimu Aliyejifungia Kuomba

Soma Yohana 3:1–8, Waefeso 2:8–10.

Ukitoka Omurushaka kuelekea magharibi utaufikia Mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Huko, katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, alitumika Blasio Kigozi, kijana Mganda. Kaka yake, Simeoni Nsibambi, alikuwa ameacha kazi ya serikali huko Kampala ili awaite watu watubu.

Kigozi hakuwa mgeni wa Biblia. Alikuwa amemkiri Kristo, akasomea huduma, na mwaka 1934 akawekewa mikono kuwa shemasi. Aliwafundisha wainjilisti kwa bidii. Lakini kazi ilikuwa ngumu. Wengi walikuwa na jina la Ukristo, mioyo yao ikiwa ile ile ya zamani, na mwalimu mwenyewe alijiona mkavu.

Mwaka 1935 alijitenga katika kibanda chake kwa juma zima, akiomba na kuuchunguza moyo wake. Alitoka humo mtu mwingine. Tangu hapo alihubiri dhambi, toba na msalaba bila kuogopa uso wa mtu. Wengine walitubu, wengine wakachukizwa.

Januari 1936 alisafiri kwenda Uganda, akiwa na jambo la kuieleza sinodi ya kanisa lake: kwa nini watu wanaoishi katika dhambi iliyo wazi wanaikaribia meza ya Bwana, na kanisa linanyamaza? Kabla hajapata nafasi ya kusema aliugua homa, akafa akiwa bado kijana. Lakini wito wake kwa Kiganda, Zukuka, yaani amka, ulishikwa na wengine. Uamsho huo ulienea, ukavuka mpaka hadi Bukoba.

Nikodemo naye alikuwa mwalimu. Elimu, cheo na bidii havimzai mtu mara ya pili. Roho ndiye anayezaa. Tunaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, kisha matendo mema hufuata, kama ndizi zinavyofuata mgomba ulio hai.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu anawezaje kufundisha Sabato kwa Sabato huku moyo wake umekauka?

2. Kigozi alianza na moyo wake kabla ya kulikemea kanisa. Je, sisi huanzia wapi?

3. Ni nini kinachokuzuia kumtafuta Mungu faraghani juma hili?